Vioo vya Gari Langu Havishuki

Majirani wanasema nina majivuno. Wanasema hivyo kwa sababu kiangazi chote napita mtaani na vioo vya gari vimefungwa, niwe naenda sokoni au kanisani, na mtu akinisalimu nainua mkono tu nyuma ya kioo. Waseme. Gari lenyewe ni kuukuu. Lilifika huku kwa njia ya Dar es Salaam likiwa limeshachoshwa na watu wengine, usukani wake uko kulia katika nchi ambayo magari hupita kulia, na mlango mmoja wa nyuma haufunguki mpaka uusukume kutoka ndani. Mwenye gari kama hilo hana cha kujivunia. Nafunga vioo kwa sababu mama yangu hukaa kiti cha mbele, na mama yangu hawezi vumbi.

Asiyeijua Kolwezi, mji wetu wa migodi, wakati wa kiangazi atadhani natia chumvi. Vumbi letu ni jekundu, laini kama unga wa muhogo. Lori la madini hulipandisha, na kabla halijatua linafika lori jingine. Mama amelimeza karibu maisha yake yote. Kwa miaka mingi alichambua na kuosha mawe ya madini kwa mikono, na jioni alirudi nyumbani nyusi zake zimebadilika rangi. Halafu akaishi mtaa wa Kasulo, na watu wa Kasulo walipoanza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, jirani mmoja alifika na shimo lake mpaka chini ya jiko la mama. Sakafu ilipopasuka nikamchukua. Alikuja kwangu na godoro, rozari, na kifua ambacho unakisikia ukiwa chumba cha pili.

Mimi nauza dawa katika famasi ndogo, kwa hiyo pompi za kuvuta mdomoni nazijua zote, na zote amezivuta. Zinasaidia. Lakini njiani hakuna kilichomsaidia kuliko kipoza hewa cha gari, kile ambacho huku kwetu tunakiita klima. Ukifunga vioo na kuizungusha hewa ya ndani, mama anafika safari yake akiongea. Ukivifungua, anafika akiwa amenyamaza, mabega yanapanda na kushuka.

Safari zenyewe haziepukiki. Daktari anayekijua kifua chake alihamia Fungurume, na mama hataki mwingine. Barabara ya Fungurume ina lami, lakini ina pia vipande vinavyotengenezwa, ambako magari yote hushushwa kwenye udongo na kukaa nyuma ya malori mpaka Mungu apende. Na kwa kuwa usukani wangu uko kulia, mama hukaa kushoto, upande ule ule wanaopitia wanaotoka mbele. Kila lori linampita karibu na shavu.

Hapo ndipo anapoingia kaka yangu. Yeye ni mkubwa wetu, anaishi Lubumbashi, na anataka mama arudi Musumba, kule Kapanga alikozaliwa, ambako mjomba wetu bado analima. Kule hewa ni safi, silikatai hilo. Lakini barabara ya kwenda kule ikinyeshewa si barabara tena, na daktari wa mapafu hayuko. Mama akizidiwa kule, atazidiwa akiwa amezungukwa na mihogo mizuri. Kaka alisema kila safari ya daktari inamrudisha mama akiwa na hali mbaya zaidi kuliko alivyoondoka. Mimi nilikuwa na jibu moja tu: si katika gari langu. Jibu hilo lilipokuwa zima, mama alibaki kwangu. Likiharibika, anaondoka. Ndiyo maana nilikuja kuijua klima kama ninavyomjua mgonjwa.

Dalili ya kwanza ilikuwa kelele bila upepo. Feni ilivuma kwa nguvu zote, lakini ukiweka mkono kwenye matundu unapata pumzi ndogo tu. Nikaenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Akafungua kisanduku cha mbele ya magoti ya abiria, akachomoa kichujio cha karatasi kilichokuwa kimekuwa chekundu na kizito kama tofali.

"Hii kitu haiko ya Kolwezi, mama," aliniambia. "Inakamata vumbi."

"Si njo kazi yake?"

"Inakamata mingi sana. Hewa inakosa njia. Hapa batu bote banaitosha, banatupa."

Akakitupa kwenye rundo la vichujio vya magari mengine, na kweli rundo lilikuwa refu. Huo ndio mtindo wetu. Mji mzima unaishi ndani ya vumbi, na mji mzima unatoa kile kilichowekwa kuzuia vumbi kwa sababu kinalizuia. Upepo ukaja wa baridi na wa nguvu, na nikaondoka nimefurahi.

Baada ya muda ikaja harufu. Asubuhi nikiwasha klima, pumzi ya kwanza ilinuka kama tambara la sakafu lililosahauliwa ndani ya ndoo. Nikashutumu dagaa niliowabeba kutoka sokoni, nikaosha mazulia, nikatundika majani ya mchaichai. Harufu haikujali. Halafu siku moja mama akatazama chini.

"Mutoto yangu, gari yako inanikojolea mu miguu."

Nikapapasa zulia lake, nikakuta limelowa chapachapa. Klima hutoa maji, hilo kila mtu amewahi kuliona, gari likiegeshwa linadondosha matone chini. Nikachuchumaa kutazama chini ya gari. Pakavu. Maji yaliyopaswa kuanguka barabarani yalikuwa yanarudi kwa mama. Bila kichujio, vumbi lilikuwa linaingia moja kwa moja mpaka kwenye sehemu ile ya ndani inayopoza hewa, ambayo daima ina umande, na vumbi likikutana na maji huwa udongo. Udongo ulikuwa umeziba bomba la kutolea maji, na uliobaki ulikuwa unaoza humo ndani. Mama yangu alikuwa anavuta hewa iliyopita kwenye tope, na mimi nilikuwa nimefunga vioo ili asiikose hata kidogo.

Nilichemka. Nilirudi kwa yule fundi nikamtaka afungue kila kitu na aoshe. Akaosha. Nikamtaka aweke kichujio kipya. Akacheka, akawaita wenzake waje kumwona mama anayetaka kichujio Kolwezi.

"Kitajaa tena."

"Kikijaa nitabadirisha. Weye ukivaa shati ikachafuka, unatembeaka kifua wazi?"

Wenzake ndio waliocheka safari hii. Kichujio kikawekwa, na tangu siku hiyo nakitoa mwenyewe, nakikung'uta, na kikichoka nakibadilisha. Zulia likakauka na harufu ikaisha.

Lakini baridi yenyewe ilikuwa imeanza kupungua. Kulikuwa na mlio mdogo kutoka mbele, tik, kisha injini inaguna kidogo, kisha tik tena. Klima nzima hushika kazi na kutulia. Hii yetu ilikuwa inashika na kuachia kama mtu anayeokota mkaa wa moto. Fundi akasema gesi imepungua, akaongeza. Ikawa baridi. Wiki chache zikapita, tik zikarudi. Akaongeza tena.

"Gazi inaisha, mama, sawa vile esansi mu tanki."

"Frigo yangu ya ku nyumba, hata siku moja sijatia gazi. Hapa inaenda wapi?"

Akafunga boneti, na mimi sikuwa na fundi mwingine niliyemwamini zaidi. Kabla sijapata jibu mwenyewe, likatokea nililokuwa naliogopa. Tulikuwa tunarudi kutoka Fungurume, tuko katikati ya kipande cha udongo, na klima ikaanza kutoa hewa ya moto. Nilivumilia mpaka jasho la mama likalowanisha kitambaa chake cha kichwa, kisha nikafungua kioo. Tulipofika Kolwezi midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilimpeleka moja kwa moja zahanati, akawekewa oksijeni, na nilikaa pembeni ya kitanda nikihesabu kosa la kila mtu isipokuwa bomba la gesi lililokuwa linavuja, ambalo sikulijua bado. Niliogopa siku ile. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Kaka alipopata habari alikuja. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemweza. Alikaa sebuleni akaongea chini kwa chini, mama akiwa amelala.

"Mudogo yangu, mi sikuchukie. Lakini kila mara simu yako inalia, naona ni ya kifo. Siwezi tena."

"Klima itatengenezwa, yaya," nilimwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Safari ya daktari yenye inakuja, nitakuwa ndani. Mama akifika kule vile alifika hapa, siye hatutarudi. Namupeleka Musumba."

Nilitaka kumwambia kwamba mama si mzigo wa kupakia na kupakua. Lakini mtu aliyemwona mama yake na midomo ya majivu ana haki ya kusema, na mimi sikuwa na cha kumjibu isipokuwa gari bovu. Nikakubali.

Siku zilizofuata nilifungua boneti kila nilipotoka kazini. Fundi, baada ya mimi kumshikilia, alikuwa ametafuta uvujaji wa gesi kwa sikio, kwa sabuni na kwa kubahatisha. Mimi nilichukua tambara, kwa sababu hicho ndicho ninachokijua. Kila mwanamke wa Kolwezi anafuta nyumba asubuhi, mchana na jioni, na anajua kuna vumbi la aina mbili. Kuna vumbi kavu, unalipuliza tu. Na kuna lile linalokaa ukutani juu ya mbabula, jiko letu la makaa, unapokaangia samaki, ambalo limenywa mafuta, na hilo halitoki mpaka ulisugue. Nikafuta mabomba yote ya klima, moja baada ya jingine. Vumbi likatoka kirahisi kila mahali. Mahali pamoja tu, pale mabomba mawili ya alumini yanapoungana nyuma ya taa, liligoma. Lilikuwa jeusi, limeganda. Nikalisugua mpaka chuma kikang'aa. Baada ya siku kadhaa mabomba yote yalikuwa mekundu tena kama kawaida ya kwetu, na pale kwenye kiungo palikuwa peusi.

Ndani ya gesi ya klima kuna mafuta kidogo. Gesi ikitoroka huioni, lakini mafuta yanabaki mlangoni, na vumbi letu halikosi kuyanusa. Nilimwonyesha fundi. Akafungua kiungo kile, akatoa mpira mdogo wa mviringo uliokauka na kupasuka, akaweka mpya, akatia gesi. Tik ikanyamaza. Wiki zikapita na mkono wangu ukawa unaganda nikiuweka kwenye matundu. Nilimwambia kaka aje.

Tuliondoka asubuhi, mimi kwenye usukani, mama kushoto kwangu na rozari yake, kaka nyuma na begi la nguo za mama ambalo hakulificha. Lilikuwa la kwenda Musumba. Mama aliliona, akasogeza kiti chake mbele kidogo lipate nafasi. Kwenye lami mambo yalikwenda vizuri. Kaka hata alitoa koti lake akamfunika mama magoti. Mimi niliangalia barabara nikajizuia kucheka.

Halafu tukafika kwenye udongo, foleni ikasimama, na hewa ikaanza kupata uvuguvugu.

Nilijua kaka ameisikia kwa sababu aliacha kuongea. Malori yalikuwa mbele na nyuma, mengine yakitupita kushoto, na nje hapakuonekana kitu zaidi ya taa zao. Mama alishika kifundo cha mkono wangu.

"Fungua kioo," kaka alisema.

"Hapana."

"Mama atakufa na joto humu ndani. Fungua kidogo tu."

Kwenye mlango wa dereva kuna kitufe kinachofunga vioo vya wote. Nilikibonyeza. Nikamsikia kaka anajaribu cha kwake, mara mbili tatu, kisha akapiga kiti changu kwa kiganja.

"Weye uko na kichwa nguvu mpaka ya kuua mutu?"

Maneno hayo yaliniingia, sitasema hayakuniingia. Lakini nilikuwa nafikiri. Sauti ya tik haikuwepo. Upepo ulitoka wa kutosha. Tulipokuwa tunatembea ilikuwa baridi, na tumesimama tu ikageuka. Foleni ikasogea kidogo, nikaendesha, na baridi ikarudi kwa pumzi chache. Tukasimama, ikaondoka. Basi gesi ilikuwepo. Kilichokosekana ni upepo wa mbele, ule unaopoza wavu ulio nyuma ya grili. Gari likikimbia, barabara inauleta. Likisimama, ni kazi ya feni ya huko mbele, si ile ya ndani. Feni ilikuwa imekufa.

Kando ya foleni kulikuwa na wanawake wanaouza maji ya vifuko, mabeseni kichwani, vitambaa vimefunga pua. Nilifungua mlango kiasi cha kupita mwili wangu tu, nikaufunga nyuma yangu, nikamwita wa karibu.

"Mama, niuzie yote."

"Yote? Iko kilio?"

"Bado," nilimwambia.

Nilipasua vifuko kwa meno nikamwaga kwenye grili, kimoja kimoja, juu ya ule wavu uliokuwa unatoa joto kama oveni. Mvuke ukapanda. Vumbi liliniingia puani, machoni, kila mahali. Dereva wa lori la nyuma alitoa kichwa.

"Mama eko anabatiza gari."

"Ngojea, yako inafwata."

Akacheka, na msaidizi wake naye akacheka. Nami nilicheka, kwa hasira na kwa hofu, huku nikitema mchanga. Nikamwaga mpaka mvuke ukaisha, kisha nikatazama ndani. Kupitia kioo kilichojaa vumbi nilimwona mama ameweka kiganja kwenye tundu la hewa. Aliniinulia kidole gumba.

Foleni ilikwenda hivyo: hatua chache, kusimama, maji. Mara ya kwanza nilishuka mimi, na ya pili. Mara ya tatu nilipofikia vifuko nikakuta mkono wa kaka umeshavichukua. Alitokea kwenye ule mlango mbovu akiwa na shati lake jeupe la Lubumbashi, akauegemea mpaka ukafunga, na hakuniuliza aanzie wapi. Nilibaki ndani nikasikiliza kifua cha mama. Nakisikiliza bila kukigusa. Filimbi yake huanza mwishoni mwa pumzi, kabla ya kikohozi, muda mrefu kabla mwenyewe hajasikia. Siku ile haikuanza.

Tulifika Fungurume kaka akiwa mwekundu kuanzia nywele mpaka viatu, na mama akiwa anaongea. Niliegesha kwenye uwanja wa hospitali. Hakuna aliyeharakisha kushuka. Kaka alijifuta uso kwa mkono wa shati, akalitazama lile begi miguuni pake.

"Leo imepita," alisema. "Sitakataa. Lakini ni gari, mudogo yangu. Kesho itaharibika tena."

"Itaharibika."

"Njo nakuambia."

Mama aligeuka. Kugeuka kwake huchukua muda, na wote wawili tulingoja.

"Ku Musumba ni kwetu," alisema. "Napapenda, na mjomba wenu ni mutu muzuri. Lakini kule batanisikia wakati nitalia. Uyu, anasikiaka hata mbele sijalia."

Kaka alimjibu yeye, lakini alinitazama mimi kwenye kioo cha kati.

"Na siku moja akikosa kusikia?"

Swali lilikuwa langu, na nilikuwa nimejiuliza mara nyingi nikiwa nafuta mabomba.

"Siku ile, yaya," nilisema, "nitakosa kusikia mi nikiwa pembeni yake. Sitakosa juu ya kumutuma mbali."